Jiwe Kisimani: Opereta wa Kiwanda cha Mafuta Anavyojua Asichokiona

Mnara wa kusafishia mafuta ghafi hauna dirisha. Ni pipa refu la chuma lililosimamishwa wima, kimo chake kama minazi miwili iliyopandana, limezibwa juu na chini, na ndani yake mafuta yanachemka kwa joto karibu mara mbili ya lile la karai la mchoma mihogo. Opereta anayepokea zamu alfajiri anaweza kuuzunguka mnara huo, kupanda ngazi zake, kusikiliza mabomba yake yanavyonguruma. Kuchungulia ndani hawezi. Anaweza kufanya kazi pale miaka thelathini, astaafu, na asiwe ameyaona hata siku moja mafuta yakichemka.

Basi anajuaje kinachoendelea humo? Ningependa tulijibu swali hili polepole, tuanzie jikoni na kisimani, kwa sababu jibu lake likikosewa watu hufa.

Pwani yetu si ngeni kwa kazi hii. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilianza kusafisha mafuta mwaka 1963 na kikaacha mwaka 2013. Kigamboni, Dar es Salaam, kulikuwa na TIPER, kiwanda ambacho jina lake lenyewe lilibeba ubia wa Watanzania na Waitaliano. Leo matangi yake yanahifadhi mafuta yaliyosafishwa kwingine. Uganda nayo imepanga kujenga kiwanda cha mapipa 60,000 kwa siku huko Kabaale, Hoima. Kijana atakayeshika zamu Kabaale atalazimika kuyajua yale yale waliyoyajua wazee wa Changamwe.

Tuanze na mafuta ghafi yenyewe. Jina linadanganya kidogo, kwani hayo si mafuta ya aina moja. Ni mchanganyiko wa maelfu ya aina za molekuli, na nyingi kati yake zimejengwa kwa vitu viwili tu, kaboni na haidrojeni. Fikiria shanga zilizotungwa katika uzi. Kila ushanga ni atomu ya kaboni, na haidrojeni zimeushikilia pembeni. Uzi wa shanga tatu au nne ni gesi ya kupikia. Uzi wa shanga nane unapatikana ndani ya petroli. Wa kumi na mbili upo katika mafuta ya taa, wa kumi na sita katika dizeli, wa ishirini na tano katika nta ya mshumaa, na zile nyuzi ndefu kupita kiasi, zilizojikunja na kushikana, ndizo lami tunayoikanyaga barabarani. Shanga ni zile zile. Kinachobadilika zaidi ni urefu wa uzi.

Lakini kwa nini urefu uwe na maana kubwa hivyo? Weka sahani mbili mezani, moja ya wali na nyingine ya tambi. Chukua punje moja ya wali kwa vidole: inakuja peke yake. Sasa vuta tambi moja. Inakuja na wenzake, kwa sababu kila tambi imegusana na nyingine katika urefu wake wote. Molekuli nazo huvutana pale zinapogusana. Mvuto wa mgusano mmoja ni dhaifu sana, ila uzi mrefu una migusano mingi, na migusano ikijumlishwa inakuwa kifungo cha kweli. Kuchemka ni molekuli kujinasua kutoka kwa wenzake na kuruka hewani. Aliyeshikwa mara chache hujinasua kwa joto dogo; aliyeshikwa mara nyingi hudai joto kubwa. Uzi wa kaboni tatu huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri katika kipimo cha Selsiasi, ndiyo maana gesi ya mtungi hutoka yenyewe ukifungua valvu. Wa kaboni nane huchemka kwenye nyuzi 126 hivi, wa kumi kwenye 174, wa kumi na sita kwenye 287.

Hapo hapo utaelewa jambo jingine ambalo huenda umelisikia katika habari. Mafuta ghafi ya Ziwa Albert yana nta nyingi, yaani nyuzi ndefu zinazopenda kulala sambamba na kuganda. Kwa hiyo bomba la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limesanifiwa kupashwa moto njia nzima. Mafuta ya Turkana nayo yana tabia hiyo hiyo, na yalipokuwa yakiletwa Changamwe kwa malori yalisafirishwa katika matangi yanayotunza joto.

Sasa tunajua kwamba joto la kuchemka hutegemea urefu wa uzi. Kutenganisha kungeonekana rahisi: pasha moto kidogo, fupi zitoke, ongeza moto, za kati zitoke, endelea hivyo hadi ubaki na lami. Wataalamu huita kazi hiyo kukeneka. Tatizo ni kwamba maumbile hayako nadhifu hivyo. Ukichemsha mchanganyiko wa nyuzi za kaboni nane na za kumi na mbili, mvuke unaotoka hauwi wa nane peke yake. Ndani ya kimiminika chochote molekuli hazina mwendo mmoja. Zipo zinazokwenda taratibu na zipo zenye kasi, na hata katika zile ndefu hupatikana chache zenye kasi ya kutosha kujinasua. Mvuke huwa na fupi nyingi kuliko sufuria ulikotoka, lakini ndefu nazo zimo.

Dawa ni kurudia. Ukiupoza mvuke huo ukawa kimiminika tena, kisha ukakichemsha, mvuke wa pili utakuwa na fupi nyingi zaidi. Rudia mara ya tatu, ya nne, ya thelathini, na mwishowe utapata kitu kinachokaribia usafi. Ila nani atawasha mioto thelathini?

Hapa ndipo mnara unapoonyesha uzuri wake, na nakiri kwamba kila ninapolieleza jambo hili hulifurahia upya. Ndani ya mnara kuna sinia za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine, kila moja ina matundu na juu yake umetuama mchuzi mwembamba wa mafuta. Mvuke wa moto unapanda kutoka chini na kupenya matundu. Mafuta yaliyopoa yanashuka kutoka juu, sinia hadi sinia. Vinapokutana, nyuzi ndefu zilizo ndani ya mvuke zinapoa na kuanguka kwenye mchuzi. Zinapoanguka zinatoa joto lao. Na joto hilo hilo linazirusha juu nyuzi fupi zilizokuwa zimebaki mchuzini. Ni kama sufuria thelathini zilizopandana, kila moja ikichemshwa na mvuke wa iliyo chini yake. Moto ni mmoja tu, ule wa tanuri linalopasha mafuta ghafi kabla hayajaingia mnarani.

Tanuri hilo huyafikisha mafuta kwenye nyuzi 350 au zaidi kidogo. Kwa nini lisiende 500, ili hata zile ndefu kabisa zichemke? Kwa sababu shanga zenyewe zimeunganishwa kwa vifungo, na joto likizidi, uzi hukatika kabla haujaruka. Vipande vinatawanyika na nyuma unabaki mkaa mgumu unaoganda ndani ya mabomba, kama ule ukoko mweusi wa mafuta yaliyosahauliwa jikoni. Zilizobaki chini hupelekwa kwenye mnara mwingine ambao hewa yake imenyonywa. Presha ikishuka, molekuli haihitaji nguvu kubwa kuruka. Mpagazi wa Kilimanjaro analijua hilo bila kusoma fizikia, maana karibu na kilele cha Kibo maji huchemka kwenye nyuzi 80 hivi na maharage yanakataa kuiva.

Chini ya mnara wa kwanza huingizwa pia mvuke wa maji, na hila hiyo Pemba wanaifahamu vizuri. Kwenye kiwanda cha makonyo cha Wawi, Chake Chake, mafuta ya karafuu hutolewa kwa mvuke. Kiini cha mafuta hayo kikiwa peke yake huchemka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 250, lakini kikisindikizwa na mvuke wa maji hutoka karibu na nyuzi 100, kwa sababu mvuke wa maji umebeba sehemu kubwa ya presha inayohitajika na karafuu inachangia iliyobaki. Makonyo ya Wawi na dizeli ya kiwandani vinatii kanuni moja.

Turudi kwa opereta wetu. Amesimama mbele ya kioo cha namba, na mojawapo ni joto la kileleni mwa mnara. Jana lilikuwa 120, leo ni 126. Kwa mtu asiyejua, hiyo ni namba tu. Kwa anayejua yale tuliyoyapitia, kipimajoto hicho ni rula: kinapima urefu wa nyuzi zinazotoka kileleni. Joto limepanda, maana yake nyuzi ndefu zaidi zimeanza kupenya na petroli inaelekea kuchanganyika na mafuta ya taa. Anaongeza kiasi cha mafuta baridi yanayorudishwa juu, na kusubiri. Kusubiri ni nusu ya kazi. Mnara ni mzito na haujibu papo hapo, na opereta mwenye papara huusukuma kulia, akaona haukwenda, akausukuma tena, na ukija kwenda unakwenda kupita kiasi.

Kuna mambo ambayo hayasubiri. Maji ni moja. Kila mpishi ameona tone la maji likianguka kwenye mafuta ya moto. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hudai nafasi ya lita 1,700 hivi, na inaidai kwa ghafla. Ndoo moja ya maji iliyosahaulika ndani ya bomba, ikisukumwa kuingia kwenye mnara wa moto, inaweza kung'oa sinia. Ndiyo maana kabla ya kuwasha mtambo mwendeshaji hutembea kutoka valvu hadi valvu akikamua maji, na hapo simshauri yeyote aone haya kuonekana mwoga.

Sasa tufike kwenye vipimo vyenyewe, kwa kuwa hapa ndipo kiini cha somo kilipo. Opereta anajua kupitia joto, presha, mtiririko na kimo cha mafuta. Lakini kipimo nacho kinajuaje? Kipimajoto cha kiwandani mara nyingi ni nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani. Zinazalisha umeme mdogo unaokua kadiri joto linavyokua. Kipimo cha mtiririko huwa ni bamba lenye tundu lililowekwa ndani ya bomba, nacho kinasoma tofauti ya presha kati ya mbele na nyuma ya bamba. Hakuna hata kimoja kinachopima kile kilichoandikwa juu yake. Kila kimoja kinapima jambo lingine, kisha kinakisia.

Kipimo cha kimo ndicho nitakachokaa nacho. Aina mojawapo inayotumika sana imejengwa juu ya kanuni ambayo yeyote aliyewahi kuteka maji anaijua mikononi. Ndoo ikiwa ndani ya maji ni nyepesi. Ikivuka uso wa maji, ghafla inakuwa nzito. Maji huinua kila kilichozama ndani yake kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyosukumwa kando. Sasa chukua jiwe la kilo moja lenye ujazo wa mililita 400. Lifunge kamba, lining'inize kwenye mizani ya muuza samaki, uliteremshe kisimani. Likiwa hewani mizani inasoma gramu 1,000. Likizama nusu, inasoma 800. Likizama lote, 600. Kwa hiyo ukiwa juu, bila kuona maji, unaweza kuandika kwenye karatasi: 1,000 ni maji hayajafika, 800 ni nusu ya jiwe, 600 ni jiwe lote. Umetengeneza kipimo cha kimo. Kiwandani, badala ya jiwe kuna silinda ya chuma iliyoning'inizwa ndani ya chemba kando ya mnara.

Hebu kisima kijae. Maji yapande mita moja juu ya jiwe. Mizani inasoma ngapi? 600. Yapande mita 10. Ni 600 bado. Jiwe lililozama lote haliwezi kuzama zaidi, na maji yanayosukumwa kando ni yale yale mililita 400. Kutoka hapo kipimo chako kimekuwa kipofu, lakini hakisemi kwamba ni kipofu. Kinaendelea kutoa namba.

Kisha tupashe kisima moto. Maji yakikaribia kuchemka hutanuka, na mililita 400 zake hazina tena uzito wa gramu 400, ni 384 hivi. Nguvu ya kuinua imepungua, kwa hiyo mizani inapanda hadi 616. Nenda kwenye karatasi yako: 616 maana yake jiwe limezama asilimia 96. Unasoma kwamba kimo kilikuwa 100 na sasa kinashuka, wakati kisimani maji yako mita 10 juu ya jiwe na yanazidi kupanda. Mafuta mepesi hutanuka kuliko maji, kwa hiyo uongo wake ni mkubwa zaidi.

Pua ya mfanyakazi ina kasoro kama hiyo. Mafuta ghafi mengi hubeba salfa, na salfa huzaa gesi ya haidrojeni salfaidi yenye harufu ya yai viza. Ikiwa kidogo pua inaikamata mara moja. Ikifika karibu sehemu 100 katika milioni, neva za kunusia zinapooza na harufu inatoweka, ilhali kiasi kikizidi hapo mara kadhaa huua. Mgeni atasema gesi imeondoka. Mwenyeji wa kazi hutoka mbio, tena kwa kukata upepo, na kipimo kidogo alichobana kwenye ukosi kinampigia kelele.

Haya ya jiwe na kisima yalitokea kweli. Tarehe 23 Machi 2005, katika kiwanda cha BP kilichoko Texas City, Marekani, waendeshaji walikuwa wakiwasha upya mnara wa mita 52 hivi uliokuwa umesimamishwa kwa matengenezo. Mafuta mepesi yaliingizwa kwa zaidi ya saa tatu huku valvu ya kutoa chini ikiwa imefungwa. Kipimo cha kimo kilikuwa cha aina tuliyoieleza, na kiliweza kuona sehemu ya chini tu ya mnara. Mafuta yalikipita. Kisha tanuri likayapasha, mafuta yakatanuka, na kwenye kioo kimo kikaonekana kikishuka taratibu. Mchana kipimo kilionyesha chini ya mita 3 wakati mafuta yamepanda zaidi ya mita 40. King'ora cha ziada, kilichopaswa kulia kimo kikizidi, hakikulia.

Valvu ya kutoa ilipofunguliwa hatimaye, mafuta ya moto yaliyokuwa yakitoka yalipita karibu na yale yanayoingia na kuyapasha, kama mtambo ulivyosanifiwa kufanya ili kuokoa kuni. Mafuta mnarani yakazidi kuchemka na kutanuka, yakafurika hadi kwenye bomba la kileleni. Valvu za usalama zikafunguka, zikayapeleka kwenye chombo cha zamani chenye dohani iliyo wazi, na petroli ikarushwa angani kama chemchemi. Wingu la mvuke likatambaa chini, likashika moto. Watu 15 walikufa na 180 walijeruhiwa. Wote 15 walikuwa wafanyakazi wa wakandarasi, waliokuwa ndani au kando ya ofisi za muda zilizoegeshwa karibu na mtambo ambao wao wenyewe hawakuuendesha.

Ni rahisi kumnyooshea kidole aliyekuwa kwenye kioo, na mimi sitafanya hivyo. Waendeshaji walikuwa wamefanya zamu za saa 12 kwa siku 29 au zaidi mfululizo. Mtambo ulikuwa na dohani wazi badala ya mwenge wa kuchomea gesi. Zamu ya usiku iliacha kumbukumbu ya mstari mmoja. Na kuna dosari ndogo inayoniuma kuliko zote: kiasi cha mafuta yanayoingia na kiasi kinachotoka vilionyeshwa kwenye kurasa mbili tofauti za kompyuta. Opereta hakuwahi kuwekewa namba hizo mbili kando kwa kando.

Kwani namba hizo mbili hazihitaji jiwe. Zinategemea kanuni iliyo chini ya sayansi yote tuliyoipitia, kwamba kitu hakipotei: kilichoingia na hakijatoka kimo ndani. Anayejaza tangi la maji nyumbani hutumia kanuni hiyo kila anapotazama saa badala ya kupanda juu ya paa. Chukua mnara wa kufikirika wenye kipenyo cha mita 4. Eneo la kitako chake ni mita za mraba 12.6 hivi. Ingiza mita za ujazo 130 za mafuta kila saa, funga njia ya kutoka. Gawanya 130 kwa 12.6: kimo kinapanda mita 10 na kidogo kwa saa. Baada ya saa tatu, mita 31. Hesabu hiyo inaenea nyuma ya karatasi ya zamu, kwa penseli, bila kifaa chochote kilichofungwa mnarani, na ya namna hiyo ingeweza kuwekwa mbele ya mtu aliyekuwa akisoma kwenye kioo chake kwamba mafuta yako chini ya mita 3 na yanashuka.